Hatuoni: Florence Kutoka Juu

Kila aliyewahi kufika Florence ana kilima chake. Mwambie rafiki kwamba unakwenda huko, na hata kabla hujakata tiketi atakupa maelekezo: panda Piazzale Michelangelo wakati wa machweo. Mwingine atadakia: usiishie hapo, pamejaa watu mno, panda mpaka San Miniato. Wa tatu atasema achana na hao, nenda Fiesole, kule ndiko utauona mji mzima na bonde lake. Kuna wa kukwambia ulipe upande kuba ya Kanisa Kuu, vidato 463, na kuna wa kukuapia kwamba mnara wa kengele wa Giotto, vidato 414, ndio wenyewe. Mabishano matamu haya, na mimi niliyapenda. Nilikwenda na daftari lenye sehemu saba, nikakaa siku tano, nikazipanda zote.

Niliyoipenda nitaitaja, msiwe na wasiwasi. Lakini kuna swali linalotangulia. Mtu anayepanda juu ili auone mji, anauona kweli? Na kama hauoni, ana kosa gani? Maana kutazama si dhambi. Wahenga walishasema, macho hayana pazia.

Swali lenyewe si langu, ni la mama yangu.

Nilikulia Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba yenye sakafu ya juu iliyo wazi, ambako mama alianika nguo, na siku za jua kali alianika pilipili. Nyumba ya jirani iligeuzwa hoteli, na juu yake wakaweka mkahawa ili wageni wanywe chai huku wakitazama bahari. Jioni moja, nikiwa na miaka kumi na miwili hivi, mgeni mmoja alisimama ukingoni na kamera yenye lenzi ndefu. Akapiga picha bahari, akapiga minara, akapiga mapaa ya mabati, halafu akatugeukia sisi. Mama alikuwa kichwa wazi, anakunja mashuka. Hakupiga kelele. Alichukua kanga moja, akaitandaza kwenye kamba baina yetu na yule mgeni, akaibana kwa vibanio viwili. Kisha akaniambia, "Anatutizama tu huyo, mwanangu. Hatuoni."

Basi. Akaendelea na mashuka yake. Mimi nikakua, nikasoma, nikapata kazi, nikasafiri, na siku moja nikajikuta nimesimama juu ya kilima cha watu, kamera mkononi, nalenga kamba ya nguo.

*

Jioni ya kwanza nilipanda kwa miguu kutoka mtaa wa San Niccolò mpaka Piazzale Michelangelo. Bwana wee, pale pazuri. Mto Arno uko chini yako, madaraja yamepangana moja nyuma ya jingine, mnara wa Palazzo Vecchio kushoto, kuba ya Brunelleschi katikati, kanisa la Santa Croce kulia, na kwa mbali vilima vya Fiesole. Mapaa yote ni ya vigae vya rangi moja, kama vile mji mzima ulichomwa katika tanuri moja siku moja. Jua lilipozama watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Kati ya watu mia kadhaa pale juu, nilimwona mmoja tu aliyeupa mji mgongo. Alikuwa mchuuzi, kijana wa Kisenegali, ametandika kitambaa chini chenye miwani na vijiti vya kushikia simu. Tulisalimiana kama Waafrika wasalimianavyo ugenini, kwa furaha kubwa kuliko tunavyojuana. Kwa Kiingereza chake kidogo na Kifaransa changu kibovu nilimuuliza kama ameshachoka kuitazama Florence. Akacheka. Alisema huitazama asubuhi anapofika, kabla hajatandika. Baada ya hapo anatazama barabara, maana polisi hawaji kutokea upande wa mandhari.

Kisha, bila mimi kuuliza, akanyoosha mkono kuelekea mto unakokwenda, upande wa machweo, akataja Daraja la Vespucci. Mwezi Machi 2018, juu ya daraja hilo, mchuuzi mmoja wa Kisenegali alipigwa risasi akafa, na aliyempiga alikuwa mtu asiyemjua kabisa. Nilitazama alikoonyesha. Niliona mwanga wa dhahabu juu ya maji. Nikampigia picha ule mwanga, nawaambieni ukweli, kisha nikaona haya, nikaiweka kamera mfukoni.

*

Tunapozungumzia mandhari, tunazungumza kana kwamba Mungu ndiye aliyeiweka pale na sisi tumeikuta tu. Ya Piazzale ina mchoraji, ina tarehe, na ina bili. Kati ya 1865 na 1871 Florence ilikuwa makao makuu ya ufalme mpya wa Italia. Mhandisi Giuseppe Poggi alipewa kazi ya kuufanya mji ufanane na miji mikuu ya Ulaya. Akabomoa kuta za zama za kati kaskazini mwa Arno, akapitisha barabara pana mahali pake, na upande wa kusini akachora barabara ya kupinda vilimani ya kutembezea magari ya farasi. Kilele cha barabara hiyo ndicho Piazzale, mwaka 1869. Jengo alilolipanga liwe makumbusho ya kazi za Michelangelo leo ni mkahawa.

Baadaye kidogo, katika miaka ya 1880 na 1890, usafi uleule ukashuka katikati ya mji. Soko la Kale, Mercato Vecchio, likabomolewa pamoja na mitaa iliyolizunguka na ghetto ya Wayahudi, na mahali pake pakawekwa uwanja unaoitwa leo Piazza della Repubblica. Kuna tao kubwa pale lenye maandishi ya kujisifu kwamba kitovu cha kale kimetolewa katika uchafu wa karne nyingi na kurudishiwa uhai mpya. Uchafu ulikuwapo, tusidanganyane. Lakini walikuwapo na watu, na hao tao haliwataji. Ukisimama Piazzale leo hutambui kwamba kuna kitu kimepungua. Mji uliokatwa katikati, ukiutazama toka juu, unaonekana mzima.

Hata jina la Michelangelo pale juu lina kichekesho chake kichungu. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya kilima hicho mwaka 1529, si kwa ajili ya mandhari. Jamhuri ya Florence ilikuwa inangojea kuzingirwa na majeshi ya papa na ya kaisari, naye alipewa kazi ya kujenga maboma kuzunguka San Miniato. Alijua kwamba adui akikamata pale na mizinga yake, mji wote uko chini ya mguu wake. Mandhari ile tunayoipigia makofi, yeye aliihesabu kwa umbali wa risasi. Mji ulianguka mwaka 1530, na ukoo wa Medici ukarudi kutawala.

Na Medici walielewa vizuri sana faida ya kukaa juu. Mwaka 1565 mchoraji na msanifu Vasari aliwajengea ushoroba unaopita juu ya Daraja la Kale, Ponte Vecchio, ili watoke ofisini mpaka kasri lao ng'ambo ya mto bila kukanyaga barabara moja na raia. Chini ya ushoroba, darajani, walikuwapo wachinjaji na mabucha yao. Harufu ilipanda. Mwaka 1593 mtawala Ferdinando wa Kwanza akawaondoa wachinjaji, akawaweka masonara, na masonara wapo mpaka leo. Ni Ferdinando huyohuyo aliyejenga ngome juu ya kilima, baina ya 1590 na 1595, ya kumlinda yeye na hazina yake, na ambayo mizinga yake ingeweza kugeuziwa mji. Ngome hiyo inaitwa Belvedere. Maana yake: mandhari nzuri.

Nilikaa ukutani mwa Belvedere siku ya pili, nikila mkate, nikiwaza kwamba jina hilo halikuwa uongo. Mandhari ni nzuri kweli. Ndiyo tatizo lenyewe.

*

Wapenzi wa fasihi wenzangu watakuwa wameshamkumbuka Machiavelli. Katika tabaruku ya Il Principe, kitabu alichokiandika baada ya kuteswa gerezani na kuondolewa mjini mwaka 1513, anajitetea kwa Medici kwa nini mtu wa chini kama yeye anathubutu kuwafundisha watawala. Anatoa mfano wa wachora ramani: wanaotaka kuchora milima hukaa chini bondeni, na wanaotaka kuchora mabonde hupanda mlimani. Kwa hiyo, anasema, ili uwajue watu vizuri yakupasa uwe mtawala, na ili uwajue watawala yakupasa uwe mtu wa kawaida.

Ni hoja nzuri, na nusu yake naikubali kabisa. Aliye chini anamjua aliye juu. Mama yangu alimjua yule mgeni katika dakika moja: alijua anataka nini, alijua atakwenda kumwonyesha nani. Mchuuzi wa Piazzale anajua hatua za polisi kuliko polisi wenyewe. Nusu ya pili ndiyo inayonipa taabu. Je, aliye juu anawajua walio chini? Anajua umbo lao, hilo sikatai. Anajua wamekaa wapi, wako wengi kiasi gani, njia zao zinakutana wapi. Mchora ramani anahitaji hayo. Lakini Ferdinando alipokuwa anatembea juu ya wachinjaji, alichokijua kuhusu wao kilikuwa harufu yao.

Na Machiavelli mwenyewe hakuishi kama mfano wake. Katika barua mashuhuri ya Desemba 1513 anaeleza siku zake za uhamishoni shambani: mchana anashinda katika nyumba ya wageni akicheza karata na mwenye nyumba, mchinjaji na msagaji, wanagombana na kupigiana kelele, na usiku ndipo anavaa nguo nzuri na kuingia kusoma watu wa kale. Kitabu kile cha kumwangalia raia kutoka mlimani kiliandikwa na mtu aliyekuwa ametoka kugombania senti na mchinjaji. Pengine ndiyo maana kinasomeka mpaka leo.

Siku ya tatu nilipanda kuba asubuhi na mnara wa kengele siku hiyohiyo jioni. Magoti yangu hayajanisamehe. Lakini nilijifunza jambo ambalo kila kijitabu cha wasafiri hulisema na sikuwa nimelitilia maanani: juu ya kuba ndiko mahali pekee pa juu mjini ambako huioni kuba. Uko juu ya kitu kizuri kuliko vyote, kazi iliyoanza 1420 na kufungwa 1436, na mji bila hicho kitu ni mapaa tu. Ukitaka kuiona kuba, nenda mnarani. Aliyesimama juu ya kitu hicho hakioni. Nikajiuliza mimi nimesimama juu ya nini, siku zote hizi, ambacho sikioni.

*

Kuna mtu mmoja ambaye aliipenda Florence kuliko sisi wote tunaopiga makofi, na alinyimwa kuitazama. Dante alihukumiwa mwaka 1302, akafukuzwa, na hakurudi tena mpaka alipofia Ravenna mwaka 1321. Kaburi lake lililoko Santa Croce, lile ambalo mkuu wa msafara atakuonyesha kwa kidole kutoka Piazzale, ni tupu. Mifupa iko Ravenna, nao wamekataa kuitoa.

Sasa, mtu aliyefukuzwa mjini mwake, akiukumbuka mji ule, anakumbuka nini? Ningekuwa mimi ningeandika juu ya mandhari. Dante, katika wimbo wa 12 wa Purgatorio, anakumbuka ngazi. Anapopanda njia ya mwinuko, anaifananisha na ile ngazi ya mawe inayopanda kwenda San Miniato, juu ya daraja ambalo leo linaitwa Ponte alle Grazie. Na anaongeza kijembe: vidato vile vilijengwa enzi ambazo vitabu vya hesabu na vipimo vya soko vilikuwa bado havijachezewa. Yaani akili yake haikwenda kileleni kutazama chini. Ilikwenda miguuni, kwenye mteremko anaoujua kwa pumzi, na kwenye kashfa ya mtaani ambayo wageni hawaijui.

Tena angalia mahali alipoiweka ngazi hiyo. Ndipo anapotoka kwenye ngazi ya wenye kiburi, wale ambao wanatembea wameinama chini ya mawe mazito, hawawezi kunyanyua macho. Kwa Dante, njia ya San Miniato inaanza pale kiburi kinapoisha. Mimi nilifika San Miniato kwa basi.

*

Nitatoa mfano mmoja zaidi, maana msomaji anaweza kudhani nacheza na maneno: kutazama, kuona, kuna tofauti gani ya kufanya mtu akose usingizi?

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Agosti 1944 jeshi la Ujerumani lilikuwa linarudi nyuma mbele ya majeshi ya washirika. Likalipua madaraja ya Florence, yote isipokuwa moja. Ponte Vecchio, daraja zuri, daraja la picha, liliachwa. Ili lisiweze kupitika, wakalipua nyumba za ncha zake zote mbili: mitaa mizima ya zama za kati, minara, maduka, vyumba ambamo watu walikuwa wakiishi mpaka walipoamriwa kuondoka. Vyovyote walivyohesabu, matokeo ndiyo haya: kile kinachoonekana kutoka mbali kilisalimika, na pale watu walipolala pakawa kifusi. Ukipita Via Por Santa Maria leo utaona nyumba za baada ya vita, za kawaida tu. Wageni hupita haraka. Hakuna cha kupiga picha.

Daraja la jirani, Santa Trinita, nalo lililipuliwa, na wenyeji wakalijenga upya wakitumia mawe waliyoyaopoa mtoni. Lilifunguliwa mwaka 1958. Sanamu ya Majira ya Machipuko iliyokuwa kwenye kona yake ilirudishwa bila kichwa, na kichwa kikaja kupatikana mtoni mwaka 1961. Nalipenda daraja hilo. Mahali pazuri pa kulitazama Ponte Vecchio ni pale, jioni, na hupandi hata kidato kimoja. Unatazama lililosalimika ukiwa umesimama juu ya lililojengwa upya kwa mikono.

Na leo? Leo hakuna anayelipua. Kitovu cha Florence kiko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1982, hakiguswi tofali. Lakini vyumba vinageuka kimoja kimoja kuwa vya wageni wa siku tatu, mpaka mwaka 2023 baraza la jiji likaamua kuzuia nyumba mpya za kukodishwa kwa muda mfupi katika eneo hilo. Mapaa yapo yote. Kutoka juu hutajua chini ya paa lipi kuna jikoni na chini ya lipi kuna taulo zilizokunjwa na karatasi yenye neno la siri la intaneti. Mimi mwenyewe nililala kwenye taulo zilizokunjwa. Natokea mji wenye ugonjwa huohuo, na nilikwenda kuupeleka kwa wengine kwa fedha yangu.

*

Sasa niwe mwadilifu. Mtu anaweza kuniambia: acha kutuhubiria. Binadamu anahitaji kupanda juu. Mjini ni kelele, ni joto, ni madeni. Ukipanda kilimani unapumua, matatizo yanapungua ukubwa, unawahurumia watu ambao ukiwa chini walikukera. Hayo nayakubali, na nina shahidi mkubwa kuliko mimi. Boccaccio, katika Decameron, anawatoa vijana kumi katika kanisa la Santa Maria Novella mwaka 1348, wakati tauni inaua watu kama nzi, anawapandisha vilimani nje ya mji, wanakaa bustanini na kusimuliana hadithi mia moja. Chini watu wanakufa, juu wanacheka. Je, ni kosa?

Boccaccio alilijua swali hilo litakuja. Ndiyo maana hatupi bustani kwanza. Anatupitisha katika tauni, maiti, wazazi wanaokimbia watoto, na anawaomba radhi wasomaji kwa mwanzo huo mkali, akisema ni kama mlima mgumu wa kupanda kabla ya kufika uwanda mzuri. Mandhari inatangulizwa na mji. Na mwishoni, jambo ambalo wengi husahau, wale vijana hawabaki kilimani. Wanarudi Florence, tauni bado ipo, wanaagana palepale Santa Maria Novella. Juu palikuwa mahali pa kupumua, hapakuwa mahali pa kuhamia.

Hivyo kosa si kupanda. Waswahili husema aliye juu mngoje chini, na kwa kawaida tunaisema kwa vitisho, kwamba ataanguka tu. Pale Florence nilianza kuisikia kama ahadi: kwamba chini kuna watu wanamngoja, na ana deni la kushuka.

*

Siku ya nne nilipanda San Miniato tena, safari hii kwa ile ngazi. Nyuma ya kanisa na pembeni yake kuna makaburi, na humo amezikwa Carlo Collodi, mwandishi wa Pinocchio. Nilikuwa nazurura nikitafuta kaburi lake, kamera shingoni, nilipoitwa. Bibi mmoja mzee, amevaa koti ingawa kulikuwa na joto, alinipa kopo la kumwagilia na kunionyesha bomba. Hakuuliza kama nazungumza Kiitaliano. Hakuuliza natoka wapi. Alihitaji maji, na mimi nilikuwa na mikono. Nikajaza, nikarudi, akanirudisha tena mara mbili.

Alipomaliza maua yake alinionyesha picha ya mwanamume iliyobandikwa kwenye jiwe, akajipiga kifuani kwa kiganja. Mumewe. Halafu akanishika mkono wa shati, akanivuta mpaka kwenye ukuta, akanyoosha kidole kuelekea mjini. Sikujua anaonyesha nini. Mapaa ni mengi na yote yana rangi moja. Akanisogeza kichwa kwa mkono wake, kama mama anavyomgeuza mtoto, mpaka nikafuata kidole: mnara, kulia kidogo, paa lenye bomba la moshi lililoinama. "Casa," akasema. Nyumbani. "Casa nostra."

Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama juzi, nikitazama kitu kilekile. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na paa moja. Mengine yote yakabadilika kwa sababu ya hilo moja, maana kama lile ni la mtu, basi na yale ni ya watu. Nikakumbuka sauti ya mama na kile kitenzi chake: hatuoni. Kwa Kiswahili neno hilo lina pande mbili. Yule mgeni hatuoni sisi. Na sisi, sote, hatuoni. Miaka yote nilikuwa nimesikia upande mmoja tu, ule unaonipa haki.

Kwa hiyo, mahali pazuri kuliko pote pa kuitazama Florence, kwa maoni yangu, ni ukuta wa makaburi ya San Miniato. Lakini siwezi kuwaahidi kwamba mtaona nilichoona, kwa sababu sikukiona kwa macho yangu. Nilionyeshwa. Nendeni kwa miguu, na mtu akiwapa kopo, chukueni.

Usiku ule nilimpigia mama simu. Nilimweleza yote: ngazi, makaburi, bibi, paa lenye bomba la moshi lililoinama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na sasa anakaa nani pale? Yeye peke yake? Au wameshakodisha?"

Sikuwa nimeuliza.

"Haya," akasema mama. "Kesho nenda kamuulize."

Asubuhi nilipanda tena. Maua yalikuwa na maji. Yeye hakuwapo, na ndege yangu ilikuwa ya saa nane mchana.